Uko na Nani Hapo Nyumbani?

Mwezi uliopita tulimzika Mama, na kati ya watu waliokuja kunishika mkono alikuwepo kikongwe mmoja wa Kizungu aliyeletwa na mjukuu wake kwa gari kutoka ng'ambo ya mpaka, masaa mengi barabarani, bakuli la saladi ya viazi mapajani. Akaketi katikati ya mama zetu wa kanisa na vitenge vyao vya sare, akala sombe, majani yetu ya muhogo, kwa uma bila kuuliza ni kitu gani. Mama Nsimire, shemasi wetu, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, akanivuta: "Ndiye yule wa simu?" Nikamwambia ndiye. "Ala! Kumbe ni mfupi hivyo!" Nilikuwa na machozi usoni, na bado nikacheka, maana hata mimi miaka yote hiyo nilimdhania mtu mrefu, mwenye mabega. Anaitwa Carol. Hadi leo hajui swali lake moja la upole lilitufanya nini mwaka ule, na sikumwambia. Utaanzaje kumwambia mtu kama yule jambo kama lile, kwenye msiba, na yeye amekuletea viazi?

Nilikuwa na miaka ishirini. Ya kabla ya hapo siyasimulii; nimeyasimulia kwa maofisa wa wakimbizi hadi yakaniisha mdomoni. Itoshe kusema kwamba faili letu lilikatwa vipande viwili: kaka yangu Byamungu, kwa kuwa alikuwa ameshapita umri wa mtoto, alipelekwa Marekani peke yake, na mimi na Mama tukaletwa Toronto. Tulikaa Weston, ghorofa ya kumi na moja, chumba kimoja cha kulala na sebule ambayo ilikuwa jiko, mahali pa maombi ya Jumatano, na kitanda changu. Ndege zilizokuwa zikishuka uwanjani zilipita mbele ya dirisha letu mchana kutwa, chini kiasi cha kuona magurudumu yakitoka. Wageni walishtuka. Sisi tulikuwa tunanyamaza katikati ya maneno, inapita, tunaendelea. Mama alifanya kazi kiwanda cha mikate, mimi nyumba ya wazee, kuogesha na kulisha, na jioni tulikutana tumechoka hivi kwamba tulikula bukari, ugali wetu, tukiwa tumesimama.

Kule alikopelekwa, kaka yangu alikuwa akiosha sahani mkahawani hadi mtu akamwambia, jiunge na walinzi wa anga wa jimbo letu, watakusomesha chuo. Akajiunga. Alitueleza kwa simu, mimi nimeshika, Mama amebana sikio upande wa pili. Hili si jeshi la kila siku, alisema. Ni la jimbo. Wikendi moja kwa mwezi unavaa gwanda, wakati wa joto wiki mbili, siku nyingine zote wewe ni mtu na shughuli zako. Wamo mafundi bomba, walimu, wauza magari. Gavana akipatwa na mafuriko anawaita. Rais akiwa na vita anawaita pia. Mama Nsimire alipoelezwa akapiga mikono: "Mtumishi wa mabwana wawili! Na Maandiko yamekataza!" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliposikia neno askari alikuwa ameninyang'anya simu akaikata. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mama hakuumwa mara moja. Akatoa sheria: nyumbani kwake gwanda haliingii. Basi Byamungu alipokuja na basi baada ya wikendi zake za kikosi, alibadilisha nguo chooni kwa wale wauza kahawa wa chini ya jengo, akapanda juu na jinzi na shati. Buti tu ndizo zilizobaki, na hizo Mama alizivika mfuko wa plastiki akazitupa kwenye roshani.

Lakini mtoto yule alikuwa na maneno, weee! Mezani, juu ya makayabo, samaki wa chumvi, na nyanya, alitufundisha kazi yao yote. Kikosi chake kilikuwa cha uokoaji. Walikuwa na helikopta, na ndege kubwa za feni nne, na vijana wa kuruka kwa parachuti wenye dawa mgongoni. Akachukua kijiko, hii ni helikopta. Akachukua mwiko, hii ni ndege yetu. Helikopta haiendi mbali, mafuta yanaisha, basi ndege yetu inatoa mpira mrefu nyuma na helikopta inakuja kunywa huku wote wako angani. "Inanyonya?" Mama akauliza. "Inanyonya, Mama." Akaugusisha mwiko na kijiko, na Mama akacheka hadi akashika meza, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu tufike nchi hii. Kazi yake yeye ilikuwa mizigo. Alipima kila kitu kinachoingia, akapanga kisije kikazidi mbele au nyuma, akafunga sakafuni kwa mikanda na minyororo, na ikifika saa ya watu kuruka au vitu kutupwa, yeye ndiye aliyefungua mlango wa nyuma. "Ukikosea hesabu, ndege inakalia mkia," alisema, kwa majivuno yaliyonitia hamu ya kumpiga kofi la upendo.

Mwaka huo ulianza kwa mafuriko. Gavana akawaita, wakapeleka maji na mablanketi na majenereta, wakamtoa bibi mmoja darini na paka wake. Halafu kukawa na baharia mgonjwa kwenye meli ya mizigo, katikati ya bahari ambako hakuna helikopta ya kawaida inayofika. Wakaruka saa nyingi, kaka yangu akafungua mlango, vijana wakajitupa majini, wakapanda meli, wakamtibu yule mtu hadi alipoweza kuchukuliwa. Mama alisikiliza hadithi hiyo bila kugusa chakula. "Alikuwa mtu wa wapi, huyo baharia?" Byamungu akainua mabega. "Hatukuuliza." "Hamkuuliza?" "Hapana, Mama. Alikuwa mgonjwa." Ndege mbili zikapita dirishani, Mama akizitazama. Kisha akasema polepole, si kwetu, ni kama kwa mtu aliyekuwa ukutani: "Wanajeshi wanatoka kwao, wanavuka bahari kumwokoa mtu, na hawamuulizi kabila." Tangu siku hiyo akaanza kuwaambia wanawake wa kiwandani kwamba mwanawe ni muuguzi wa angani. Nilimwacha. Kila mtu na njia yake ya kumeza.

Majani yalipoanza kuanguka, Rais akawaita. Na wapi? Pembe ya Afrika. Wangekaa pale na ndege zao, wakisubiri, ili askari au rubani yeyote akianguka upande ule wa bara wamfuate. Mama alishika kichwa. "Tumekimbia Afrika ya bunduki, na wewe unarudi nayo mkononi?" "Narudi kuokoa watu, Mama." "Wewe tulikuokoa na nini, basi, ikiwa unarudi?"  Byamungu alimbusu kichwani, kwenye nywele zake ndefu alizosuka mistari kila Jumamosi, na mimi nikamsindikiza hadi kituo cha mabasi. Njiani aliniambia ameandika namba yangu ya simu kikosini, kwa sababu ya Kiingereza. "Mtapewa mtu wa kuwapigia," alisema. "Usimwogope. Ni mama wa rafiki yangu." Ndivyo kikosi kile kilivyofanya kazi: wakiondoka, kila familia ilikabidhiwa mke au mzazi wa askari mwingine, wa kujitolea, awapigie kila wiki. Sisi tulipewa Carol. Mwanawe alikuwa fundi wa helikopta huko huko. Kila Alhamisi alipiga: mko salama, chakula kipo, kuna theluji huko kwenu? Hakuwa na habari zozote za kutupa zaidi ya sauti yake, na Mama, ambaye hakuelewa neno, alizoea kukaa karibu nami na kutikisa kichwa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, na moyo wangu bado unaikataa. Ilikuwa asubuhi, nimetoka kazini, televisheni inaongea yenyewe. Wakasema ndege ya walinzi wa anga wa jimbo fulani imeanguka Afrika katika mazoezi. Jimbo lilikuwa lile lile. Hawakusema ni ndege ya aina gani, hawakusema majina. Nilipiga namba ya Byamungu, haikuita. Nikaandika barua pepe, nikaandika nyingine. Kimya. Baadaye sana nilielezwa kwamba huo ndio utaratibu wao: mtu wao akifa, simu na mitandao yote ya kambi inafungwa mpaka wazazi wa marehemu waambiwe ana kwa ana, ili mama asipate habari kwa uvumi. Ni utaratibu wa heshima, siukatai. Lakini sisi hakuna aliyetuambia. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Nikazima televisheni. "Mbona umezima?" "Imenichosha." Hapo simu ikalia, na haikuwa Alhamisi.

Alikuwa Carol. Sauti yake ilikuwa kavu. Akasema ameona habari kama mimi, haruhusiwi kusema lolote na hata hajui lolote, nibaki nyumbani, nisiende popote, mtu atapiga. Kisha, kwa upole, upole ule ule wa kila wiki, akaniuliza: uko na nani hapo nyumbani? Uko peke yako?

Mtu wa kwetu akisoma hapa ameshaweka mkono kinywani, najua. Kwetu kifo hakisemwi kwa simu. Ukimpigia mtu kumwambia mtoto wake amekufa, wewe ni muuaji wa pili. Unaanza kwa kuuliza yuko na nani. Akisema yuko peke yake unasema haya, sawa, nitapiga tena, halafu unatafuta jirani, mchungaji, shangazi, watu wenye kifua, waende wakakae naye, wamlishe kwanza, ndipo wamwambie. Nimelelewa hivyo. Mama yangu aliambiwa habari za baba yangu hivyo. Kwa hiyo swali lile kwetu si swali, ni jibu. Nilimwambia Carol kwamba niko na mama yangu, nikashukuru, nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikampigia Mama Nsimire. Nilimrudishia maneno kama yalivyokuja, bila kuongeza. Akauliza tena: "Amekuuliza uko na nani?" "Ndiyo." "Kakwambia usitoke?" "Ndiyo, Mama Shemasi." Nikamsikia anavuta pumzi. "Basi, mwanangu. Mpikie mama yako chai yenye sukari nyingi. Tunakuja."

Siku hizi wapo wanaosema kanisani tuliharakisha. Wanasema hivyo mbele yangu! Walikuwepo wenyewe, walikuja na magodoro vichwani, walilia hadi wakapoteza sauti, leo tuliharakisha. Walifika mmoja mmoja, akina mama, kimya, mikono kifuani, kila mmoja akimsalimia Mama na kuketi. Mama alidhani ni maombi. Akauliza mbona leo si Jumatano.  Halafu wanaume wawili wakanyanyua kochi letu bila kusema neno na kulitoa nje kwenye roshani, kisha meza, kisha televisheni, na mama mmoja akatandika godoro sakafuni. Hakuna mwanamke wa kwetu anayehitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Mama aliliangalia lile godoro. Kikombe kilikuwa bado mkononi. "Ni yeye?" Mama Nsimire akamshika mabega. Kilio alichotoa sitakiandika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi wakati ule sikuwa nimezaa, lakini nilikisikia kwenye meno.

Tukakaa matanga. Wanawake sakafuni, wanaume kwenye ngazi za jengo kwa sababu sebule haikutosha na moto wa kukalia nje huko Weston ungeletewa zimamoto. Msimamizi wa jengo alikuja kulalamika kuhusu viatu kwenye korido. Aliposikia kilio mle ndani, akavua kofia akaondoka. Mama alikata nywele zake. Alikaa chini, akampa Mama Nsimire mkasi kisha wembe, na mistari yake ile ikaanguka juu ya gazeti. Hakula. Kila ndege iliyopita dirishani alinyanyua kichwa na kuiambia mrudishe, mrudishe, hadi wakafunga mapazia. Nilimsikia akiongea na Byamungu kama anavyoongea na mtu aliyechelewa kurudi kutoka shuleni: "Nilikukataza. Si nilikukataza? Watu hawamuulizi mtu kabila, sawa, lakini wewe nani alikuuliza kama una mama?" Mimi nilikuwa na simu mkononi, naiangalia. Carol hakupiga tena. Nilipiga kwake, ikaita tu. Nilijua kwamba hakuna kinachokuja isipokuwa mtu wa kutuambia tunachokijua, na bado kila ikitetemeka, hata kama ni mtu mwingine tu, niliipokea kabla haijaita mara ya pili. Nilimwomba Mungu vibaya siku zile. Nilimwambia kama lazima achukue, achukue mtoto wa mtu mwingine. Niliyasema kwa sauti, jikoni, na mwanamke aliyekuwa akiosha masufuria karibu yangu akaitika amina.

Simu ikaja mchana, watu wamejaa. Namba ndefu, ya ajabu. "Pendo," akasema. "Ni mimi."

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilisema yu hai, nikasema tena, na sebule ikalipuka. Vigelegele! Wanaume wakaingia mbio kutoka kwenye ngazi. Mtu akashika sufuria akalipiga kwa mwiko, Mama Nsimire akaanzisha wimbo wa shukrani, na Mama, na kichwa chake kilichonyolewa, akaruka juu ya godoro akicheza, machozi yanamtoka na meno yote nje. Nilikuwa nimebana simu sikioni. Kaka yangu alisema, "Mnaimba nini?" Nikamwambia tunakuimbia wewe, umefufuka, Yaya, kaka yangu mkubwa!  Alipoongea tena sikuijua sauti yake. Akasema ilikuwa helikopta. Akasema ndege yao ndiyo iliyokwenda kuwachukua waliokufa. Akasema, "Nimewafunga sakafuni mimi, Pendo. Wote. Kwa mikono yangu, na mikanda yangu. Mwana wa Carol nimemfunga leo asubuhi. Na nyinyi mnapiga vigelegele." Kisha simu ikakatika. Watu walinizunguka wakauliza amesema nini, amesema nini, na mimi nikawaambia anawasalimu.

Mama nilimwambia ukweli jioni, wakati godoro limerudi kwa mwenyewe na kochi limerudi mahali pake. Akakaa kwenye kochi lile, akafunika kichwa chake kwa kitenge. "Alitusikia?" Nikasema alitusikia.  Na Byamungu hakupiga tena. Wiki zikapita. Niliandika, hakujibu. Nilipiga kikosini, wakanijibu kwamba yu mzima na yuko kazini. Mzima! Nilielewa wakati ule kwamba mtu anaweza kurudishwa kutoka kwa wafu na bado usiwe naye. Mama aliacha kulala. Alikuwa akikaa jikoni na kuniambia, mwanangu nimempata nimempoteza siku moja, Pendo, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alikuja mwisho wa baridi, bila kutuarifu, mchana wa Jumapili. Mlango ulipogongwa nilikuwa napiga pasi. Alikuwa amekonda, akakaa kwenye ukingo wa kochi na koti lake mwilini kama mtu aliyekuja kudai deni. Mama alimwekea bukari na sombe na samaki, akamnawisha mikono. Hakula. Alisema amekuja kwa sababu haipendezi kutokuja, na kwamba basi lake linaondoka saa kumi na mbili. Mama akainama kuchukua beseni, na kitenge kikamteleza kichwani. Nywele zilikuwa ndiyo kwanza zimeota, fupi, zimejaa mvi. Byamungu akaziangalia. "Nani amekukata nywele?" Mama akavuta kitenge. Nikajibu mimi, na kwa hasira, sina haya kusema: "Wewe! Tumekulia wewe, hapa, sakafuni, mpaka ukapiga simu. Unadhani vile vigelegele vilitoka wapi?"  Hakuwa amejua. Alikuwa amesikia furaha yetu tu.

Ndege ikapita, tukanyamaza wote kwa mazoea. Kisha Mama akaweka beseni pembeni, akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele yake kama mwanamke wa matanga. "Niambie majina yao," akasema. Byamungu akatikisa kichwa. "Mama, huwajui." "Wana mama zao. Niambie." Byamungu akasukuma sahani kando. Akataja la kwanza. Mama akalilia. Simaanishi alisikitika, alilia kwa sauti kamili, kwa jina, kama anavyoliliwa mtoto wa tumbo: mwanangu wee, umelala jangwani, nani alikufunika, nani alikupa maji. Akataja la pili, na hilo pia Mama akalipa kilio chake, halafu mengine, na mwanamke yule aliyekataza gwanda mlangoni kwake aliwalilia askari wa watu mmoja baada ya mwingine hadi jirani akagonga ukuta. Kaka yangu akaishia hapo. Akafuta uso. "Basi, Mama. Inatosha."

"Haitoshi," Mama akasema. "Bado mtoto wa yule mwenzangu."

 Byamungu akasema, "Daniel." Mama akalichukua jina lile, ulimi wake ukalivunja, akalisema Danieli, Danieli wee, mwana wa Karoli, na kaka yangu akateleza kutoka kwenye kochi na koti lake, akalaza kichwa miguuni pa Mama, akaanza kulia.